Saa mbili za mazoezi ya bendi jioni ya siku ya kazi

Tuseme mmekubaliana kukutana Jumatano saa moja jioni, na chumba mnatakiwa kukiacha saa tatu. Saa moja na nusu mpiga dramu bado anakaza skrubu. Mpiga besi yuko njiani, "dakika tano tu". Mpiga gitaa ameshamaliza solo zote anazozijua na hakuna aliyemuomba. Mkianza, mnaanza na wimbo mnaoupenda, ambao ndio huohuo mnaoujua tayari. Mkiumaliza mnacheka, mnaupiga tena. Wimbo mpya unaguswa dakika kumi za mwisho, unavunjika palepale ulipovunjika wiki iliyopita, na watu wanakunja nyaya wakisema wiki ijayo tutaukamata.

Mwongozo huu ni wa bendi ya aina hiyo: watu wanne hadi saba, marafiki, kila mmoja na kazi yake ya mchana, hakuna anayelipwa. Ninavyoona mimi, saa mbili zinatosha kabisa, mradi zitumike kwa mambo ambayo mtu hawezi kuyafanya peke yake chumbani kwake. Kukariri maneno, kutafuta kodi (noti zinazopigwa pamoja), kuzoeza vidole: hayo ni ya nyumbani. Mkikutana mnashughulikia maungio, yaani nani anaingia lini, nani anamsikiliza nani, na wimbo unaishaje.

1. Siku mbili kabla: nyimbo tatu, rekodi moja, kii moja

Chagueni nyimbo tatu. Mmoja mnaujua, ni wa kupashia mwili moto. Wa pili unapigika lakini una mahali panapoyumba. Wa tatu ni mpya. Mkipanga kumi, hamtatengeneza hata mmoja. Kazi ya kutuma orodha apewe mtu mmoja, na si lazima awe kiongozi. Anayefaa ni yule anayejibu ujumbe upesi.

Kama wimbo ni wa wenyewe na nyinyi mnaurudia, tumeni rekodi ileile kwa wote. Wimbo mmoja unaweza kuwa na rekodi ya studio, ya jukwaani na nyingine ya miaka mingi baadaye, kila moja na kii yake (ngazi ya sauti ambayo wimbo umekaa) na mwendo wake. Mmoja akijifunza hii na mwenzake ile, nusu saa ya Jumatano itakwenda kwenye ubishi wa nani kasikia sawa, na wote wawili watakuwa wamesikia sawa.

Kii iamuliwe na koo la mwimbaji. Si ya rekodi, wala si ile inayompendeza mpiga gitaa kwa sababu ina nyuzi za wazi, zisizobanwa kidole. Mwimbaji ajipime nyumbani kwa sauti ya juu kabisa ya kibwagizo, na ajipime akiwa amechoka, jioni, maana ndivyo atakavyokuwa siku ya mazoezi. Kama anaifikia kwa kunyanyua kidevu na kukaza shingo, shusheni nusu toni au toni nzima. Hakuna msikilizaji atakayelalamika kwamba wimbo umeshuka toni moja. Atakayelalamikiwa ni anayepiga kelele.

Ili kuhama kii kusiwe msiba, andikeni kodi kwa namba (nafasi yake kwenye ngazi ya kii) badala ya herufi. Kwenye kii ya C, namba 1, 4 na 5 ni C, F na G. Mkihamia D, namba ni zilezile, ila sasa zinasomwa D, G na A. Mwenye gitaa akitaka kubaki na vidole alivyozoea, kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni, inamsaidia kupanda: kila freti (kijichuma cha shingoni) moja ni nusu toni. Mkiwa na wapulizaji, wafikirieni mapema, maana noti wanazosoma huitwa tofauti na zinavyosikika. Gitaa likipiga C, tarumbeta ya B♭ inasoma D, na saksafoni ya alto inasoma A. Kii ya E, ambayo mpiga gitaa anaipenda kama mwanawe, inampa mpuliza alto C♯ yenye alama saba za kupandisha. Muulizeni kabla ya kuamua.

Mwisho, andikeni ramani ya wimbo. Nukta za muziki si lazima. Karatasi moja ya namna hii inatosha (mzunguko ni kupitia kodi zote za sehemu hiyo mara moja):

Utangulizi: mizunguko 2. Gitaa peke yake. Besi na dramu zinaingia mzunguko wa pili.
Ubeti wa 1: mizunguko 2. Kinanda kinanyamaza.
Kibwagizo: mzunguko 1. Wote, pamoja na waitikiaji.
Ubeti wa 2: mizunguko 2. Kinanda kinaingia taratibu.
Kibwagizo: mzunguko 1.
Solo ya gitaa: mizunguko 2, juu ya kodi za ubeti.
Kibwagizo: mizunguko 2. Wa pili dramu na sauti tu.
Mwisho: mstari wa mwisho mara 3, wote wanakata kwenye pigo la kwanza.

Mstari wa "kinanda kinanyamaza" ndio wenye thamani kuliko yote hapo. Bendi changa hupiga wote, wakati wote, kwa nguvu zote. Ramani inampa mtu ruhusa ya kukaa kimya bila kujiona amefukuzwa.

2. Kufika na kufunga vyombo

Mpiga dramu apate ufunguo wa chumba au awe wa kwanza kuingia, kwa kuwa yeye ndiye mwenye vyuma vingi. Wengine wakifika wamsaidie kubeba, halafu wasimguse; kila mpiga dramu ana vipimo vyake vya kiti na miguu ya matoazi, na msaada wa kukaza skrubu ovyo unamrudisha nyuma. Chini ya dramu litandikwe zulia au mkeka mzito, la sivyo ngoma ya mguu itatambaa mbele kila akiikanyaga.

Gitaa na besi zityuniwe kwa kifaa au programu ya simu, zote kwenye kipimo kimoja cha A ya hezi 440. Hakikisheni hakuna aliyebadilisha kipimo hicho kwenye simu yake. Programu nyingi zinaruhusu 432 au 442, na tofauti hiyo inatosha kumfanya kila mtu amtazame mwenzake kwa mashaka. Kama kuna kinanda kisichorekebishika, au kodiani, wengine wote wakifuate. Nyuzi mpya zivutwe kwa mkono mara kadhaa kabla ya kutyuni, maana bado zinanyooka.

Mikisa, yaani chombo cha kuchanganya sauti, iwashwe kwanza, amplifaya ya spika iwashwe mwisho. Wakati wa kuzima ni kinyume chake: amplifaya ya spika kwanza. Mkikosea mpangilio huo mtasikia ule mshindo mkubwa kwenye spika, na siku moja spika haitaamka tena. Na tafadhali, punguza sauti kabla ya kuchomeka au kuchomoa jeki.

Aliyechelewa hasubiriwi. Walio chumbani waanze na kinachowezekana: besi na dramu wana kazi ya kutosha wawili peke yao, na waitikiaji wanaweza kupanga sauti pembeni. Bendi inayomsubiri mtu wa mwisho inamfundisha kuchelewa, na wiki ya tatu wote mtakuwa mnafika saa mbili.

3. Simameni karibu, mtazamane

Mazoezi si jukwaa. Msijipange mstari mkiuangalia ukuta kana kwamba una watazamaji. Fanyeni duara, mpiga besi asimame upande wa ngoma ya mguu, mwimbaji amwone mpiga dramu.

Ukaribu una sababu ya kifizikia pia. Sauti husafiri takriban meta 340 kwa sekunde, yaani kila meta moja inakula karibu milisekunde tatu. Ukiwa meta 6 kutoka kwenye dramu, kila pigo linakufikia likiwa limechelewa milisekunde 18 hivi, na lako linamrudia yeye likiwa limechelewa zaidi. Wimbo unalegea na hakuna anayejua kwa nini. Meta 2 au 3 ndiyo nafasi nzuri.

Amplifaya ya gitaa isikae sakafuni ikipigia magoti ya mwenyewe. Sauti kali za juu hutoka kwenye spika zikiwa zimenyooka kama tochi. Mpiga gitaa aliyesimama juu yake hazisikii, anaongeza, na mwenzake aliye mbele ndiye anayetobolewa masikio. Ipandishe kwenye kiti au ilaze kidogo imtazame mwenye gitaa usoni. Utashangaa anavyopunguza mwenyewe bila kuambiwa. Besi iepushwe na kona ya chumba, maana kona huikuza sauti nzito mpaka inakuwa mngurumo usio na noti.

4. Kupanga sauti, jambo linaloua mazoezi mengi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo bendi nyingi za marafiki zinapogombana bila kujua zinagombania nini. Gitaa linaongezwa, kinanda hakijisikii kinaongezwa, mpiga dramu naye anapiga kwa nguvu zaidi, mwimbaji anapasua koo, na baada ya nusu saa wote mnapiga kelele moja isiyo na wimbo ndani.

Anzeni na sauti ya mwimbaji. Ipandisheni kwenye spika hadi inapokaribia kupiga mluzi, kisha irudisheni nyuma kidogo. Hapo ndipo dari lenu lilipo. Kila chombo kingine kinatakiwa kukaa chini ya hapo, na dramu nazo zimo, hata kama hazina kitasa cha kupunguza; mpiga dramu apunguze mkono. Kama hawezi, apewe fimbo za vijiti vyembamba vilivyofungwa pamoja, au brashi, au afunike sneya (ile ngoma ndogo yenye mlio mkali) kwa kitambaa.

Mluzi wa spika huja pale kipaza sauti kinaposikia sauti yake chenyewe ikitoka kwenye spika na kuirudisha tena, mzunguko usioisha. Dawa ya kwanza ni mahali. Vipaza sauti vingi vya kuimbia husikia mbele na hupuuza nyuma, kwa hiyo spika ya kumsikilizisha mwimbaji iwekwe upande wa mkia wa kipaza sauti, kamwe isiwe inakitazama usoni. Vile vinavyosikia kwa wembamba zaidi havipendi spika iliyo nyuma kabisa. Kwao isogeze ubavuni kidogo, nyuma ya bega. Na mwimbaji asikumbatie kichwa cha kipaza sauti kwa kiganja. Anaonekana vizuri kwenye picha, lakini akiziba matundu yale kinaanza kusikia kila upande na mluzi unarudi. Midomo iwe karibu, sentimita chache tu, ili kisihitaji kuongezwa sana.

Dramu zikishapigwa kwa kiasi, besi ipande hadi iungane na ngoma ya mguu, isizidi. Kisha gitaa la rithimu na kinanda. Solo ije mwisho, na mpiga solo apandishe wakati wa solo tu. Kinanda kipite kwenye spika za mwimbaji badala ya amplifaya ya gitaa, kwa kuwa spika ya gitaa imetengenezwa ikate sauti za juu na kinanda kitasikika kama kimefunikwa blanketi. Besi nayo usiichomeke kwenye amplifaya ndogo ya gitaa ukaongeza. Utapasua spika ya mwenzio.

Jaribio la haraka: pigeni kibwagizo kimoja, kila mtu ajiulize kama anasikia maneno. Asiyesikia maneno asiombe mwimbaji aongezwe. Apunguze chake.

Masikio nayo yana hesabu yake. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 94 ni saa moja. Kwenye 100 ni dakika 15 tu, na dramu katika chumba kidogo hufika huko bila shida. Saa mbili za kila wiki kwa miaka si mchezo. Vizibo vya masikio vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote kwa usawa, viwe kwenye mkoba wa kila mmoja. Ukitoka mazoezini masikio yanavuma, mlipiga kwa sauti kubwa mno.

5. Wimbo wa kwanza ni wa kupasha moto

Pigeni ule mnaoujua, mara moja, bila kusimama, hata likitokea kosa. Mwimbaji awe ameshapasha koo kabla hajafika: dakika chache za kuvumisha mdomo ukiwa umefungwa na kutetemesha midomo, akipanda na kushuka taratibu. Baada ya hapo msiurudie. Najua unanoga.

6. Tengenezeni kiungo, acheni wimbo mzima

Sasa ule wimbo unaoyumba. Kosa la kawaida ni kuurudia toka mwanzo kila ukivunjika. Utangulizi unapigwa mara tisa, pale palipoharibika panapigwa mara mbili, na mwisho wa jioni mna utangulizi mzuri ajabu.

Tuseme unavunjika mnapotoka kwenye solo kurudi kwenye kibwagizo. Simameni. Mmoja ataje mahali: "Kutoka solo, mapigo manane ya mwisho, kisha mstari wa kwanza wa kibwagizo. Besi na dramu tu." Wengine mikono chini. Mpiga dramu anahesabu, wanapiga. Mara nyingi ugonjwa unaonekana hapohapo: dramu inajaza mapigo manne, besi inadhani ni mawili, kwa hiyo mmoja anatua kabla ya mwenzake. Gitaa wala halikuwa na kosa, ingawa ndilo lililolaumiwa. Wakubaliane manne. Wapige tena, polepole, kama asilimia 70 ya mwendo wa kawaida. Ikikaa sawa mara tatu mfululizo, aongezwe gitaa. Tena mara tatu. Halafu sauti. Halafu mwendo wenyewe. Mwisho mnauunganisha kuanzia katikati ya solo hadi kibwagizo kiishe, mpaka mpite pale bila kuvuta pumzi. Kazi yote ni kama dakika kumi.

Mara tatu mfululizo ninazitaja kwa makusudi. Mkipatia mara moja baada ya kukosea mara sita, mikono imezoea kukosea.

Miisho inahitaji kazi kama hiyo, na mara nyingi inasahaulika, kwa sababu kwenye rekodi za studio nyimbo nyingi hufifia tu. Nyinyi hamwezi kufifia mkaeleweka. Amueni nani anatoa ishara, ishara ni ipi (shingo ya gitaa kunyanyuliwa, fimbo juu), na inatolewa lini. Itolewe mapema, mstari mmoja kabla, si kwenye pigo lenyewe.

Mwendo nao uwe na namba kwenye ramani: mapigo mangapi kwa dakika. Mpiga dramu aangalie metronomu ya simu kabla ya kuhesabu, aimbe kibwagizo kimoyomoyo kwanza, ndipo aseme moja, mbili, tatu, nne. Anayekadiria mwendo kutoka kwenye utangulizi huanza haraka, na mwimbaji anafika kwenye kibwagizo akiwa hana nafasi ya kutamka.

Wakati mtu anaongea, nyuzi zinyamaze. Kuchokonoachokonoa gitaa wakati mwenzako anaeleza kunawafanya muulizane tena jambo lilelile. Na maneno ya kusahihishana yaelekezwe mahali. "Tuirudie kutoka ubeti wa pili, kaka, besi ianze" inafanya kazi ileile ya "umeharibu tena", bila mtu kwenda nyumbani amenuna.

7. Pigeni kwa kunong'ona

Kiungo kikishakaa sawa, pigeni wimbo mzima kwa sauti ya chini kiasi kwamba mwimbaji hahitaji kipaza sauti. Mpiga dramu apige kwa vidole ikibidi. Ni zoezi ninalolipenda kuliko yote, na watu hulikwepa kwa sababu linaumbua. Aliyekuwa anabahatisha kodi ya tatu nyuma ya kelele atajulikana. Mwitikiaji anayeimba sauti ileile ya mwimbaji akidhani anapanga atajisikia mwenyewe. Mkiongeza sauti baadaye, mtaona mnaongeza kidogo tu.

8. Wimbo mpya, halafu hadithi

Wimbo mpya upewe dakika 25 na lengo dogo: utangulizi, ubeti wa kwanza na kibwagizo, viunganike. Basi. Sehemu nyingine ni za wiki ijayo.

Hadithi na vicheko vina haki yake, maana ndivyo vilivyowaleta pamoja. Wekeni dakika kumi za kupumzika katikati ya saa mbili, mtoke nje ya chumba, masikio nayo yapumzike. Zisipopewa nafasi yake zitajiingiza baina ya kila wimbo.

9. Rekodi moja, kisha fungeni

Robo saa kabla ya muda kwisha, rekodini wimbo wa pili kwa simu, mara moja. Simu ikae mbali na dramu kadiri inavyowezekana, usawa wa kifua, kwenye kitu kisichotetemeka; juu ya amplifaya itarekodi mtikisiko tu. Msiisikilize papo hapo. Masikio yaliyochoka yanasifu kila kitu au yanalaani kila kitu. Aliyerekodi aitume usiku huohuo, na kila mmoja kabla ya kukutana tena ataje jambo moja la kurekebisha, la kwake mwenyewe, si la jirani.

Kufunga vyombo kuanze dakika kumi kabla, amplifaya za spika zikizimwa kwanza. Nyaya zikunjwe kwa duara kulegea, bila kuzungushwa kwenye kiwiko, maana huko ndiko zinakokatika kwa ndani. Waya uliokwaruza leo ufungwe fundo na utolewe kwenye mfuko wa nyaya nzima, la sivyo wiki ijayo utauchukua tena. Siku ya kukutana tena itajwe wote mkiwa bado mko chumbani, na mpiga dramu aseme nani anamsaidia kubeba hadi kwenye gari.